Kisumu–Iten na kurudi siku hiyo hiyo, peke yangu, mfukoni 2,500: nipangeje?

Mtembezi_Ziwani

Wadau, hamjambo. Nataka kutoka Kisumu alfajiri, nifike Iten, niketi kwenye hoteli ile iliyo ukingoni kabisa, ninywe chai nikitazama Bonde la Kerio, halafu nirudi Kisumu siku hiyo hiyo. Nitakuwa peke yangu, kwa matatu, na sina mpango wa kulala huko. Pesa zote ni shilingi 2,500.

Nipitie Kapsabet au Kakamega? Niondoke huko juu saa ngapi ili nisikwame Eldoret? Hotelini mtu akiagiza chai peke yake anaachwa aketi, au ataanza kuangaliwa jicho la pembe? Na hilo baridi linalosemwa ni la kweli au watu wanatia chumvi? Mimi ni mwanamke, kwa hiyo suala la saa za kurudi nalitilia maanani sana.

Abiria_Sugu

Dada, inawezekana bila shida. Ila ratiba yako ianze kupangwa kutoka mwisho: gari la kurudi ndilo litakaloamua mengine yote.

Pitia Kapsabet. Kisumu, Kiboswa, Chavakali, hapo unakata kulia, Kaimosi, Kapsabet, Mosoriot, Eldoret. Ni kama kilomita 120. Ukipitia Kakamega na Webuye safari nzima inapita kilomita 150, na kuanzia Webuye unaingia kwenye barabara kuu ya Malaba pamoja na malori yote ya Uganda. Hakuna sababu ya kujitesa hivyo.

Jua Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja jioni, mwaka mzima. Matatu kutoka Eldoret hadi Kisumu itakula saa mbili na nusu mpaka tatu. Ukitaka kushuka steji bado kuna mwanga, gari liwe limeng'oa nanga Eldoret saa kumi kamili. Iten hadi Eldoret ni kilomita 35 hivi, dakika 45 barabarani, ongeza nusu saa ya kungoja gari lijae. Kwa hiyo saa nane na nusu mchana unapaswa kuwa umesimama steji ya Iten, mkoba mgongoni. Hiyo haimaanishi kwamba saa nane na nusu ndipo unapoitisha bili.

Kwenda: fika steji saa kumi na mbili kasoro. Magari ya kwanza hujaa haraka kwa sababu ya wafanyabiashara. Ukitoka saa kumi na mbili na robo, Eldoret ni kama saa tatu na robo, Iten saa nne na nusu. Una saa nne huko juu. Kwa kuketi, kula na kutembea kidogo zinatosha. Kwa kushuka bondeni na kupanda hazitoshi.

Sasa mambo mawili ya steji yanayowaumiza wageni wa njia hii.

La kwanza ni abiria wa kulipwa. Gari la viti 14 linaonekana limebakiza viti viwili, unaingia mbio, kumbe nusu ya waliokaa ni vijana wa steji wanaojaza macho. Kila abiria wa kweli akiingia mmoja wao anashuka, na wewe unakaa pale dakika arobaini. Tazama mizigo na mavazi: mtu anayeenda Eldoret saa kumi na mbili asubuhi huwa na begi au hata koti. Kama sako (chama cha wenye matatu) ina dirisha la tiketi, lipa hapo uchukue risiti yenye nambari ya gari. Kama haina, usilipe mpaka magurudumu yazunguke.

La pili ni kuuzwa. Gari likifika Kapsabet limebaki na abiria wanne, konda anaona hasara, anawauza kwa gari jingine. Si kosa lako na hupaswi kuongeza hata shilingi. Ila usishuke kabla ya konda wa kwanza kumkabidhi wa pili nauli yako mbele ya macho yako. Ukishuka kwanza, yule wa pili atakudai upya, na wa kwanza atakuwa ameshageuza gari.

Eldoret usiulize «gari la Iten» pekee, uliza na ya Kabarnet. Yanapita Iten yote. Lakini la Kabarnet wakati mwingine halitaki abiria wa karibu hadi lijue halitajaa, kwa hiyo usishangae ukikataliwa.

Ukingo_wa_Elgeyo

Nijibu ya huku juu.

Ukitoka Eldoret utapita chini ya lile lango la «Home of Champions» kabla ya kuingia mjini. Usishuke hapo. Endelea mpaka steji. Hoteli unayoisema, Kerio View, iko mbele upande wa barabara ya Kabarnet, na kutoka steji ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa miguu. Boda ni sawa pia, tenga 100, kubalianeni bei kabla hujapanda. Ushauri wangu ni upande boda kwenda na kutembea kurudi, maana ukirudi mwili utakuwa umeshazoea hewa.

Chai peke yake inakubalika. Usichofanya ni kuingia, kwenda moja kwa moja ukingoni kupiga picha robo saa, kisha kuondoka. Keti, agiza, halafu uzunguke. Ukitaka chakula hapo, agiza mara tu unapofika: nyama au kuku ikiagizwa saa saba inaweza kukufikia wakati ulipaswa kuwa steji. Mwenye bajeti yako ale mjini kwanza. Vibanda vya karibu na steji vina chapati na maharagwe, ugali na sukuma, chai ya maziwa ya kweli, na ukibahatika mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Shilingi 200 itakushibisha. Kisha ile pesa ya chai uende nayo ukingoni, maana huko unalipia kiti na mandhari zaidi ya majani ya chai.

Unachokitazama ni nini? Umesimama mita 2,400 juu ya bahari, kwenye ukuta wa magharibi wa bonde. Sakafu ya bonde iko chini yako kwa zaidi ya mita 1,000. Mto Kerio unakwenda kaskazini, unaishia Ziwa Turkana. Ile safu ya mbele yako ni Milima ya Tugen, na Kabarnet iko juu yake. Kila wiki kuna mtu anayepiga picha ya kitu kinachong'aa huko chini na kuandika kwamba ni Ziwa Baringo. Ziwa Baringo liko nyuma ya Milima ya Tugen, kutoka hapa halionekani.

Kuhusu ukingo wenyewe: juu ni tabaka la fonolaiti, lava ngumu ya kale, inayopasuka kwa vipande vikubwa. Majani huficha nyufa. Mahali palipozungushiwa uzio au ukuta pana sababu. Kwa anayesafiri peke yake, picha ya kujipiga mwenyewe ukirudi kinyumenyume ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mwombe mhudumu akupige.

Lenzi_Kavu

Naunga mkono yote isipokuwa ile saa nne hadi saa nane, maana kwa upande wa picha huo ndio wakati mbaya.

Ukingo unatazama mashariki. Asubuhi jua liko usoni pako, bonde linakuwa pazia la samawati, huoni umbo lolote. Saa sita jua liko utosini, kila kitu kinalala bapa. Kuanzia saa tisa jua linakuwa mgongoni, vivuli vinachora kila korongo la Milima ya Tugen, rangi zinarudi. Yaani mandhari yanafunguka wakati ule ule unaopaswa kukimbilia gari. Ndivyo jiografia ilivyo, huwezi kuibadilisha.

Kwa msafiri wa siku moja kuna njia mbili za kupunguza hasara. Chagua siku iliyofuata mvua nzuri ya usiku, kwa sababu mvua huosha vumbi hewani. Januari na Februari kuna ukungu mkavu wa vumbi na moshi, na hata Milima ya Tugen huwa haionekani vizuri. Pili, acha kupiga bonde zima. Piga vitu vya karibu: mwamba, mti ulioegemea upepo, barabara ya Tambach inavyojikunja chini yako. Hivyo havihitaji hewa safi ya kilomita thelathini.

Kuanzia Machi mwishoni hadi Septemba, tarajia mvua ya alasiri. Asubuhi ukungu ukikaa, usikate tamaa ukaondoka. Mara nyingi huinuka kufikia saa nne au tano. Ukiona mawingu meusi yanajijenga saa saba, ondoka mapema zaidi ya ratiba, kwa sababu mvua ikianza boda hutoweka na kila mtu anakimbilia matatu moja.

Muuguzi_Mtembezi

Swali la baridi naona limepitwa.

Kisumu iko mita 1,131 hivi. Unapanda kama mita 1,270 ndani ya saa nne. Kwa wastani joto hupungua digrii 6 na nusu kila mita 1,000, kwa hiyo kama Kisumu ni 29, Iten tarajia 20 au 21, na ukingoni upepo unaipunguza tena. Si baridi ya kutisha, lakini anayefika na blauzi nyepesi ya ziwani hatakaa nje zaidi ya dakika kumi. Beba jaketi la kuzuia upepo. Sweta ya nyuzi zenye matundu hupitisha upepo wote. Jua nalo ni kali kuliko unavyolihisi, kwa kuwa ubaridi unakudanganya. Kofia, na mafuta ya kujikinga kwa aliye nayo.

Masikio yataziba kabla ya Kapsabet, kwa sababu sehemu kubwa ya kupanda iko pale. Tafuna kitu, meza mate. Pakiti ya krisps iliyofungwa Kisumu utaikuta imevimba kama puto, usiogope. Barabara ya Kaimosi kuelekea Kapsabet ina kona. Mwenye kichefuchefu aketi mbele au safu ya pili, atazame mbali, asisome simu.

Kwa urefu wa mita 2,400 watu wengi hawapati maradhi ya milimani, ila utahema ukipanda ngazi na moyo utadunda. Hewa ya oksijeni ni kama robo pungufu kuliko ya pwani. Tembea polepole saa ya kwanza, kunywa maji, lita moja na nusu kwa siku.

Kuna jambo moja ambalo kwa watu wa ziwani ni lazima lisemwe. Mwenye ugonjwa wa selimundu (sickle cell), au asiyejua hali yake na katika familia kuna mwenye nao, azungumze na daktari wake kabla ya kupanda huko. Urefu, baridi na kukosa maji, vyote vitatu vinaweza kuamsha maumivu, na siku ya namna hii inavikusanya pamoja.

Mtembezi_Ziwani

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Nimepiga hesabu hivi: Kisumu–Eldoret 600 mara mbili, Eldoret–Iten 200 mara mbili, hiyo 1,600. Boda 100. Chakula mjini 200. Chai na maji 300. Jumla 2,200, inabaki 300. Sawa?

Na je, nikifika mapema naweza kushuka mpaka Kessup kidogo nikarudi? Na nikienda Alhamisi nitawakuta wanariadha?

Abiria_Sugu

Hesabu iko sawa kwa siku ya kawaida. Lakini 300 si akiba. Hiyo ni chenji. Nauli ya 600 inapanda Ijumaa jioni, shule zikifungwa au kufunguliwa, na Desemba yote. Ikipanda kwa 200 kila upande, akiba imekwisha na bado hujapata shida yoyote. Weka 1,500 nyingine kwenye M-Pesa, izingatie kuwa haipo, na isiguswe ila gari likikosekana na ukalazimika kulala Eldoret. Kama huna hiyo 1,500, sogeza safari wiki mbili mbele.

Chagua Jumanne hadi Alhamisi, au Jumamosi. Jumapili asubuhi magari yanachelewa kujaa kwa sababu watu wako kanisani, na jioni yanajaa kupita kiasi kwa sababu wote wanarudi kazini.

Beba noti za 50 na 100 na sarafu. Boda wa saa nne asubuhi hana chenji ya 1,000, au anasema hana. Ukilipa kwa Lipa na M-Pesa soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Ukingo_wa_Elgeyo

Kessup usiweke kwenye ratiba hii. Iko kwenye kibaraza cha chini ya ukuta, na kutoka juu inaonekana kama unaweza kuigusa. Kushuka ni rahisi, na hapo ndipo watu wanapokosea: saa moja ya kushuka hulipwa kwa saa mbili za kupanda, kwa mtu aliyetoka ziwani asubuhi hiyo hiyo. Mawe ya njiani hulegea baada ya mvua. Ukishuka saa tano, saa nane bado unapanda, na gari lako limekwenda. Vijana wa kukuongoza wapo na hotelini wanaweza kukuitia mmoja, lakini hiyo ni safari ya mtu aliyelala Iten.

Ukihitaji kunyoosha miguu, tembea kwenye barabara ya lami kuelekea Tambach kwa dakika kumi na tano tu, upande wa kulia ili uone magari yanayopanda, kisha geuka. Kona za kwanza zinakupa bonde kwa sura nyingine na hazina kiingilio. Angalia malori yanayoshuka kwa gia; usisimame upande wa nje wa kona.

Usishawishike kupanda gari kwenda kaskazini kwenye sakafu ya bonde «kuona tu». Njia ya Iten na Tambach ni shwari, lakini huko chini kaskazini kumekuwa na visa vya ujambazi wa mifugo, na si mahali pa mgeni wa siku moja.

Wanariadha: fartlek ya Alhamisi, yaani mbio za kubadilisha kasi na taratibu kwa zamu, huanza kama saa tatu asubuhi. Wewe utafika saa nne na nusu, utawakuta wanakunywa chai. Mazoezi mengi ya nguvu huisha mapema. Utakaowaona ni wanaokimbia taratibu barabarani, na hao wapo karibu kila siku isipokuwa Jumapili, ambayo wengi hupumzika. Wakipita kaa pembeni, usiwawekee simu usoni.

Jirani_wa_Menengai

Naongeza kwa wasomaji wa Nakuru ambao wataona uzi huu na kudhani hesabu ni ile ile. Siyo. Nakuru hadi Eldoret ni zaidi ya kilomita 150, unapitia Salgaa, Mau Summit, Timboroa na Burnt Forest, na Timboroa ni baridi kuliko Iten yenyewe. Kuna watakaokushauri uzunguke kupitia Marigat na Kabarnet upande Iten kutoka chini. Ni njia nzuri kupita maelezo, lakini magari ni machache na unabadilisha mara mbili au tatu. Kwa siku moja hutatoboa.

Mtu wa Nakuru mwenye siku moja na pesa kidogo apande Menengai. Kilele kiko mita 2,278, mji uko chini yako, na kasoko (shimo la volkano) lina upana wa kilomita 12 kwa 8. Boda, au miguu kama una nguvu, na saa nane mchana umerudi mjini unakula. Hakuna hoteli ya kifahari ukingoni, hivyo beba chai yako kwenye thermos. Usiende peke yako njia za msituni; fuata barabara ya magari, na usishuke ndani ya kasoko bila mwenyeji. Lava ya humo ni nyeusi, imekatika katika, na kila upande unafanana na mwingine.

Lenzi_Kavu

Kwa dada wa Kisumu: kama siku itaruhusu, keti upande wa kushoto wa gari mkitoka Eldoret kurudi Kisumu. Jua la alasiri likiwa mbele na kulia kwenu, upande wa kulia utakula mwanga wa macho saa mbili nzima.

Mtembezi_Ziwani

Basi nimebadilisha. Nitaenda Jumatano, 1,500 imeshawekwa kando, Kessup nimeifuta. Chakula mjini kwanza, boda kwenda, miguu kurudi, saa nane kamili naondoka hotelini. Swali dogo la mwisho: nikikosa gari la moja kwa moja la Kisumu pale Eldoret saa kumi, nichukue la Kapsabet nibadilishe, au ningoje?

Abiria_Sugu

Kabla ya saa kumi na robo, ngoja la moja kwa moja kama limebakiza viti vitatu au pungufu. Baada ya hapo panda la Kapsabet, lakini uliza steji kwanza kama magari ya Kapsabet–Kisumu au Kapsabet–Chavakali bado yapo jioni hiyo. Wakisema «yapo mengi» bila kukutajia hata moja, rudi ungoje. Kukwama Eldoret kuna vyumba na mataa. Kukwama Chavakali saa mbili usiku unasubiri gari la Kakamega lililojaa likupite ni habari nyingine.